Programu ya DOS imegoma kwenye kompyuta mpya: uende Harbour, Access, Lazarus au ya brauza?

Kuna kitu wengi hapa Arusha na Moshi wanakuja kukigundua siku ileile wameshalipia kompyuta mpya. Duka la spea, duka la dawa za mifugo, saccos ya kazini, shule ya binafsi, wote hao bado unawakuta na ile programu ya skrini ya bluu maandishi meupe iliyotengenezwa enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, kwa vyombo vya kuandikia programu viitwavyo Clipper au FoxPro, na inafanya kazi vizuri tu, tena haraka, keshia anaiendesha huku anaongea na simu. Halafu mashine inakufa, bosi ananunua nyingine yenye Windows 11, fundi anakopi folda lote kama lilivyo, anabonyeza, Windows inamjibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Biashara inarudi kwenye daftari na kalamu mpaka ufumbuzi upatikane.

Sababu yenyewe sio virusi wala fundi kukosea. Programu za DOS ni za biti 16, na Windows ya biti 64 haina kabisa sehemu ya kuendeshea vitu vya biti 16, na Windows 11 haikutolewa kwa biti 32, ni 64 peke yake. Windows 10 ya biti 32 ilikuwa bado inaziendesha ukiiruhusu, ila Microsoft walimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuendelea kutafuta mashine za mtumba za kuwekea Windows ya zamani ni kununua muda tu.

Sasa ukiuliza watu wa kompyuta mjini, kila mmoja atakuuzia anachokijua yeye. Mmoja atasema kila kitu siku hizi ni cha kwenye brauza, mwingine atasema Access, ile ya databesi ya kwenye Office, inatosha, mwingine atakwambia tupa yote nunua mfumo ulio tayari. Mi naweka msimamo wangu mapema kabisa: sura ya programu, zile batani na rangi, ni jambo la pili. La kwanza ni data itakaa wapi. Ukishalimaliza hilo ndo unachagua chombo cha kutengenezea sura, na unachagua kwa kuangalia nani anakaa mbele ya ile skrini na anafanya nini, kwa sababu keshia wa kaunta na mhasibu wa ofisini hawahitaji kitu kimoja.

Kwanza jua una nini

Fungua folda la programu uangalie herufi tatu za mwisho kwenye majina ya mafaili. Ukikuta mafaili ya DBF (hayo ndo yenye data) na NTX, hiyo mara nyingi ni Clipper. Ukikuta DBF na CDX na FPT, hiyo mara nyingi ni FoxPro. Halafu tafuta PRG, hayo ndo maandishi ya programu yenyewe kama aliyeitengeneza alivyoyaandika, na kama yapo una bahati kubwa sana, yatunze sehemu mbili tofauti leo leo kabla hujasoma mbele.

Na kama ni Visual FoxPro, ile ya madirisha, usikubali kutishwa. Hiyo ni ya biti 32 na kwa kawaida inatembea Windows 11 bila shida. Ni kweli haiendelezwi, toleo la mwisho ni la 9 lililotoka mwishoni mwa 2004, mwaka 2007 Microsoft wakatangaza hakuna la 10, na huduma zote zikaisha Januari 2015. Lakini haijazimwa. Una muda wa kupanga kwa utulivu, tofauti na mwenzako wa Clipper ambaye ameshakwama.

Kitu kingine kinachonifanya niegemee upande fulani kwenye huu ulinganisho: Clipper ilikuwa ya kampuni ya Nantucket ikanunuliwa na Computer Associates mwaka 1992, na mwaka huohuo Fox Software wa Ohio wakanunuliwa na Microsoft. Mbili zote zikaenda kwa wakubwa, na zote zikaishia kusimamishwa. Kwa hiyo mtu akinionyesha chombo kizuri, swali langu la kwanza ni je kampuni ikiamka kesho ikasema basi, mi na mteja wangu tunabaki na nini mkononi.

Dharura: iwashe kama ilivyo

Kama duka limesimama leo, hamna muda wa falsafa. Kuna vDos, programu ndogo iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kuendesha programu za kazi za DOS ndani ya Windows za sasa, inajua mambo ya kuprint na mambo ya mafaili kutumiwa na mashine zaidi ya moja. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya magemu, itafungua programu yako ila kwenye kuprint na kushea mafaili itakusumbua. Njia nyingine ni kuweka kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta, VirtualBox yenye Windows ya zamani, ambayo inafanya kazi ila keshia anahitaji kujua kuwasha kompyuta mbili, na ile ya ndani usiiache iguse intaneti kabisa.

Hii ni huduma ya kwanza. Inakupa mwezi au mwaka, haikupi kitu kipya. Mfumo bado hauwezi kutuma chochote mtandaoni, kwa hiyo mambo ya risiti za kielektroniki za TRA au kulinganisha malipo ya M-Pesa unaendelea kuyaandika mara mbili, mara ya kwanza kwenye simu au mashine ya EFD na mara ya pili kwenye programu.

Harbour na kuandika upya, weka pembeni kwa pembeni

Watu wengi hapa hawajaisikia Harbour na inastahili kusikika. Ni kompaila ya bure, yaani kigeuzi cha maandishi ya programu kuwa programu inayotembea, inaelewa lugha ya Clipper karibu yote, unachukua mafaili yako ya PRG unayakompaili upya na unapata programu ya biti 32 au 64 ya Windows, hata ya Linux. Skrini inabaki ileile ya bluu, vitufe vilevile, DBF zilezile. Kama PRG zimekamilika na mwandishi hakutumia maktaba za ajabu ajabu za pembeni, kazi inaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani. Halafu baadaye kidogo kidogo unaweza kuongeza madirisha kwa kutumia HMG ambayo imejengwa juu ya hiyohiyo Harbour, fomu moja leo nyingine mwezi ujao, wakati duka linaendelea kuuza.

Uzuri wake dhidi ya kuandika upya ni mmoja lakini ni mkubwa: sheria za biashara zinabaki. Chukua chama cha ushirika cha kahawa pale Moshi, mji ambao ushirika sio jambo la jana, KNCU ilianza 1933. Mkulima analeta kilo, anapewa malipo ya awali, mnada ukishafanyika anapata majaliwa, yale malipo ya nyongeza, hapo katikati kuna makato ya pembejeo, kuna ushuru wa chama, kuna mkopo wa shule wa mwaka juzi unaokatwa nusu msimu huu nusu msimu ujao. Yote hayo yameandikwa ndani ya PRG na mtu ambaye pengine alishastaafu, na hakuna karatasi yoyote inayoyaeleza. Ukiandika upya kwa chombo chochote, iwe Access iwe Lazarus iwe brauza, lazima mtu akae asome PRG mstari kwa mstari ayatoe, na akiruka kimoja utakuja kujua siku wanachama wanapanga foleni kuuliza mbona hela imepungua.

Ubaya wa Harbour ni kwamba data inabaki kwenye DBF, na huko ndiko kwenye ugonjwa wenyewe. Pia kijana wa kuiendeleza utamtafuta sana. Na kama PRG zilipotea huna cha kukompaili, njia hii imefungwa kwako.

DBF na umeme wa TANESCO

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kunakoamua yote. DBF sio seva, ni faili tu. Mashine tano zikiwa kwenye netiweki, zote tano zinafungua faili lilelile na kila moja inaandika humo kwa mkono wake. Umeme ukikata katikati ya kuandika, faili la DBF linabaki linasema lina rekodi kadhaa wakati zilizopo ni tofauti, na indeksi, ile orodha ya kutafutia rekodi, inabaki inaelekeza sehemu ambazo hazipo. Ndo ile unatafuta mteja unamjua yupo, programu inasema hayupo, mpaka fundi aje afanye riindeksi, yaani aijenge upya ile orodha. Njiro umeme ukicheza mara tatu kwa jioni moja, unaweza kufanya riindeksi mara tatu.

PostgreSQL, na MySQL pia, ni seva za databesi na zinafanya kazi tofauti. Kuna programu moja tu inayogusa data, mashine nyingine zote zinaiomba. Na kabla haijabadilisha chochote inaandika kwanza kwenye kumbukumbu ya pembeni kwamba nataka kufanya hiki na hiki, umeme ukikata, ukirudi inasoma ile kumbukumbu, kilichokamilika inakimalizia, kilichokuwa nusu inakifuta kana kwamba hakikuwahi kuanza. Mauzo yanaingia yote au hayaingii kabisa, hamna ile ya stoo imepungua lakini risiti haipo. UPS bado nunua, hasa ya seva, lakini hofu inapungua sana.

Halafu kuna suala la usiri ambalo zamani hakuna aliyelijali. Faili la DBF halina paswedi, mtu yeyote mwenye flashi analikopi akaenda kulifungua kwa Excel nyumbani kwake, akaona kila mwanachama na akiba yake. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na kama wewe ni saccos au zahanati unatunza taarifa za watu, hapo hauko sehemu nzuri. Kwenye seva unampa kila mtu jina lake na ruhusa zake.

Access iko wapi kwenye hili? Access kama sehemu ya kutunzia data ina ugonjwa uleule wa DBF, ni faili moja linaloguswa na wote, kikomo chake ni GB 2, na ukiipitisha kwenye Wi-Fi inayokatika katika utakuja kulia. Ila Access kama sura tu, data ikiwa kwenye PostgreSQL au SQL Server Express ya Microsoft na Access inaunganishwa kwa ODBC, lile daraja la kuunganisha programu na databesi, hiyo ni kitu kingine kabisa na nitairudia hapo chini.

Kaunta: kibodi dhidi ya mausi

Kaa siku moja kwenye duka la spea Arusha mjini saa tano asubuhi. Fundi wa gari amesimama na beringi mkononi, nyuma yake dereva wa noah, nyuma yake mama ametumwa plagi nne na hajui gari ni ya mwaka gani. Keshia kwenye programu ya zamani anaandika herufi tatu, Enter, idadi, Enter, F10, risiti imetoka. Mkono haujaondoka kwenye kibodi hata mara moja na macho yako kwa mteja. Sasa mletee programu mpya yenye batani nzuri za kijani ambayo kila bidhaa ni kushika mausi, kuklik kwenye kisanduku, kuandika, kuklik kwenye orodha, kuklik ongeza. Atakuchukia, na ana haki. Watu wanasema wafanyakazi wanakataa teknolojia, mara nyingi wanachokataa ni kupunguziwa spidi.

Kwenye jambo hili programu za kwenye mashine yenyewe zinazishinda za brauza na sio kwa tofauti ndogo. Lazarus, ambayo ni chombo cha bure cha kutengenezea programu za madirisha kwa lugha ya Pascal, unaburuta visanduku na batani kwenye fomu, unaviunganisha na jedwali la data na fomu inatembea, na unaamua mwenyewe kila kitufe kifanye nini, Enter iende kisanduku kinachofuata, F10 ihifadhi, Esc irudi nyuma, kama zamani. Inatoa EXE moja, faili la programu lenyewe, inayofunguka hapohapo hata kwenye mashine ya RAM ya GB 4. Ni ndugu wa Delphi, ile ya Borland ya mwaka 1995, wanafanana mpaka anayejua moja anaishika nyingine haraka. Delphi yenyewe imekomaa zaidi na ina toleo la bure la Community ila lina sharti la kipato, kisizidi dola 5,000 kwa mwaka, ukizidi hapo leseni ni zaidi ya dola 1,000. Kwa kazi ya duka sioni unachokikosa kwenye Lazarus kinachostahili hela hiyo.

Brauza kwa upande wake imeshazichukua funguo nyingi kwa matumizi yake. F5 inafungua ukurasa upya, kwa hiyo keshia aliyezoea F5 ni hifadhi anaweza kufuta bili nzima ya mteja kwa kidole kimoja. F11 inajaza skrini, Ctrl na W inafunga kila kitu. Unaweza kuzizuia baadhi, sio zote, na kila brauza ina tabia zake.

Kuprint nako hivyohivyo. Zile printa za utepe zinazopiga kelele, Epson LX-300 na ndugu zake, bado zipo nyingi kwa sababu delivari noti inahitaji nakala tatu za kaboni kwa mpigo mmoja. Programu ya Lazarus au Harbour inatuma maandishi moja kwa moja kwenye printa yakatoka kwa sekunde. Brauza inataka kuprint ukurasa kama picha, inafungua kidirisha cha kuuliza printa ipi, pembezoni ngapi, na kwenye printa ya utepe picha inatoka taratibu mpaka mteja anauliza kama umeme umepungua. Kuna njia za kuzunguka kwa kuweka kiprogramu cha kati, ila hicho ni kitu kingine cha kuharibika.

Ofisini na kwenye matawi mambo yanageuka

Sasa toka kaunta nenda kwa mwenye duka ana tawi Sakina, lingine Usa River, lingine Moshi mjini, na yeye yuko barabarani nusu ya wiki. Huyu kumwekea EXE kwenye kila mashine na kila ukibadilisha kitu uzunguke matawi yote na flashi ni mateso. Hapa brauza inashinda, unabadilisha sehemu moja wote wanaona, na bosi anaangalia mauzo kwenye simu akiwa Boma Ng'ombe.

Vyombo vya haraka upande huu viko vingi. Oracle APEX ni kati ya vilivyokomaa zaidi, ilianza 2004, unaipa jedwali au hata faili la Excel inakutengenezea fomu na ripoti ambazo mtumiaji mwenyewe anazichuja na kuzipanga, na unaijenga yote ndani ya brauza. Toleo la bure la databesi yao lina kikomo cha GB 12 za data, ambazo kwa duka ni nyingi mno. Ila umeolewa na Oracle, na nimeshasema swali langu kuhusu makampuni. Django ya lugha ya Python inakupa kurasa za kuingiza na kuhariri data karibu bure ukishaeleza majedwali yako, na Laravel ya PHP ukiiongezea Filament inafanya vilevile. Hivi viwili vina faida ambayo hakuna chombo kingine kwenye makala hii inayo: vijana wanaotoka vyuo vya IAA, Arusha Technical au MoCU wanakuja na Python na PHP mikononi. Pascal utapata wachache, na wengi wao ni wazee kama mimi.

Na turekebishe dhana moja, mfumo wa brauza sio lazima uwe wa intaneti. Seva inakaa kwenye chumba cha nyuma, mashine zinaisoma kwa kebo za netiweki ya ndani, bando likiisha mnaendelea kuuza. Intaneti inahitajika kwa matawi na kwa bosi tu. Ukiweka seva nje kabisa, kwenye wingu, basi siku laini imekatika na duka limekatika, na hapo ndo unaelewa kwa nini kaunta mi naipa programu ya mashine yenyewe hata kama ofisi iko kwenye brauza, zote mbili zinasoma databesi moja.

Kuna na hizi za kutengeneza bila kuandika kitu, AppSheet ya Google na Power Apps ya Microsoft. Unalipia kwa kila mtumiaji kwa mwezi, kwa hiyo chama chenye makarani wengi kipige hesabu kwanza. Sehemu zinapong'ara ni shambani, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anapima kahawa kule juu milimani ambako mtandao unakuja na kuondoka, anaingiza kilo kwenye simu, akirudi kwenye mtandao inajituma yenyewe. Kwa kuingiza tu ni nzuri. Kuzifanya ndo leja kuu ya hela za wanachama, hapana.

Kuhamisha data, mambo yanayowashika watu

Usimruhusu mtu akwambie kuhamisha ni kazi ya jioni moja. La kwanza na baya kuliko yote: kwenye DBF ukifuta rekodi haifutiki, inawekewa alama tu, na programu ya zamani inazificha mpaka ufanye PACK, ile amri ya kuzifuta kabisa. Ukitumia chombo cha kuhamishia ambacho hakijali ile alama, mauzo yote yaliyofutwa toka 1998 yanafufuka na yanaingia kwenye hesabu mpya. Madeni yaliyolipwa yanarudi, wafanyakazi walioacha kazi wanarudi kwenye mishahara.

La pili, hela. DBF inatunza namba kama tarakimu zilizoandikwa, haikosei. Ukiihamishia kwenye fildi ya aina ya namba ya kukadiria, utaona shilingi moja moja zinapotea au kuongezeka ukizidisha kilo zenye desimali au ukipiga VAT ya asilimia 18. Kwenye PostgreSQL tumia numeric, aina ya namba isiyokadiria, na umwambie anayetengeneza aandike hivyo kwenye makubaliano. La tatu, DBF haikulazimishi mteja awepo ndo umwandikie bili, kwa hiyo utakuta bili za mteja namba fulani ambaye hayupo popote, na Mollel mmoja ameandikwa mara nne kwa spelingi nne. Seva mpya itazikataa hizo bili, na hapo kuna mtu wa kukaa na mhasibu kuamua moja moja.

Upande wa kusoma DBF zenyewe Lazarus inakuja na kifaa chake cha kuzisoma bila kusakinisha kitu kingine, LibreOffice nayo inazifungua. Access wameyumba, toleo la 2013 liliondoa uwezo wa kufungua DBF halafu wakaurudisha kwenye matoleo ya baadaye, kwa hiyo angalia una lipi. Na ile ODBC ya Visual FoxPro ni ya biti 32 tu, Office ya biti 64 haiioni, watu wanapoteza siku nzima hapo wakidhani mafaili yameharibika.

Nikichagua mimi

Duka moja, kaunta mbili tatu, PRG zimepotea: PostgreSQL na Lazarus. Hamna ada ya mwaka, hamna kampuni ya kukufungia, keshia anabaki na vitufe vyake. Sharti moja, upewe maandishi yote ya programu na paswedi ya databesi kabla ya malipo ya mwisho, na umwombe fundi arudishe bakapu kwenye mashine nyingine ukiwa umesimama pembeni, sio akuonyeshe faili tu.

Duka hilohilo lakini PRG zipo na hela haipo: Harbour sasa hivi, bila aibu, na seva utaifikiria baada ya msimu.

Saccos au shule yenye ofisi zaidi ya moja: seva ya PostgreSQL, Django au Laravel juu yake, ukizingatia zaidi nani ataendeleza kuliko ipi ni nzuri. Mhasibu akitaka ripoti zake za ajabu za kila wiki, mpe Access iliyounganishwa na seva kwa ruhusa ya kusoma tu, atajitengenezea mwenyewe na hawezi kuharibu kitu, na mashine nyingine zinazohitaji kuzifungua tu zinatumia Access Runtime ambayo ni ya bure. Hapo ndo sehemu yake Access na pale inafanya kazi nzuri kuliko vyote nilivyovitaja.

Wenye leja za wanachama, njia yoyote utakayoshika, endesha mpya na ya zamani pamoja mpaka mmefunga mwezi mmoja na jumla zimekubaliana mpaka shilingi ya mwisho. Chama cha kahawa kisibadilishe katikati ya msimu, kisubiri majaliwa yatoke.

Na mwenye Visual FoxPro inayotembea, usiguse sura kabisa kwa sasa. Visual FoxPro inaweza kuongea na PostgreSQL kwa ODBC ya biti 32, kwa hiyo hamisha data peke yake kwanza, jedwali moja moja ukianza na lile linaloharibika sana umeme ukikatika, fomu zibaki zilezile na keshia asijue kama kuna kitu kimebadilika.